Barua ya wazi: Mipaka ya maeneo tengefu ya bahari ya Dar es Salaam ifuate maisha ya samaki

Dar es Salaam

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya kupanga na kusimamia maeneo tengefu ya bahari mbele ya jiji letu,

YAH: OMBI LA KUCHORA UPYA MIPAKA YA MAENEO TENGEFU

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa heshima inayostahili dhamana yenu. Tunaandika hadharani kwa sababu haya yote yamekwisha kuandikwa kwa njia za ndani na kusemwa vikaoni, na kila mara jibu limekuwa kwamba yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Kazi hiyo hatujaiona. Sisi ni wavuvi, wazamiaji na watu wa sayansi ya bahari wa pwani hii. Hatupingi maeneo tengefu. Tunayataka, tena yawe na nguvu kuliko yalivyo. Tunachokataa ni mipaka iliyochorwa bila kuangalia samaki anaishi wapi, anakula wapi na anazaa wapi.

Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975. Baadaye vikaongezwa visiwa vya upande wa Kigamboni, Sinda na Makatumbe vikiwemo, na leo vyote viko chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994. Mwaka ule ule wa 1975 New Zealand nayo ilitangaza eneo lake tengefu la kwanza, pale Leigh, lenye kilomita za mraba 5 hivi, na humo hakivuliwi kitu. Lilifanikiwa sana. Lakini mpaka wake wa upande wa bahari kuu uliwekwa mita 800 tu kutoka ufukweni, na kamba koche wa huko hutembea kuvuka mita hizo wakienda kula kwenye mchanga, ambako mitego inawangoja. Wamepungua ndani ya eneo ambamo hakuna anayewagusa. Mstari ulipimwa kutoka pwani; kamba mwenyewe hakupimwa anafika wapi.

Mipaka yetu ina kasoro ya aina hiyo hiyo, na kwa maoni yetu ni kubwa zaidi. Imezungushwa kwenye visiwa kwa sababu kisiwa kinaonekana. Madai yetu ni haya.

1. Vipande ni vidogo mno, na hakuna anayesema vinamlinda samaki gani

Wapangaji wa maeneo ya matumbawe wana kanuni: eneo lililofungwa liwe na upana usiopungua mara mbili ya masafa ambayo samaki anayelindwa huzungukia katika maisha yake ya kawaida. Samaki wadogo wa mwambani hawasogei zaidi ya nusu kilomita. Pono, changu na chewa wengi huhitaji kilomita moja hadi kadhaa. Kolekole mkubwa huenda mbali zaidi ya hapo, na nguru na jodari hawalindiki kabisa kwa eneo la aina hii. Hao huhitaji kanuni za zana na misimu. Kwa hiyo, kabla ya kuchora mstari wowote, mezani pawe na orodha ya majina ya samaki. Hatujaonyeshwa orodha hiyo hata siku moja.

Kisha kuna suala la ukingo. Wavuvi huweka madema (mitego ya kusuka) na nyavu kwenye mstari wenyewe wa mpaka, na wana haki ya kufanya hivyo. Matokeo yake ni kwamba samaki wa karibu na mpaka huisha hata kama hakuna anayeiba. Uchambuzi wa takwimu za maeneo yaliyofungwa katika nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba upungufu huo huingia ndani kilomita 1 hadi 1.5. Tuchukue ile ndogo, kilomita 1, tupige hesabu.

Eneo la mraba lenye upande wa kilomita 2.5 lina kilomita za mraba 6.25. Ondoa kilomita 1 kila upande: kinachobaki ni kiini cha nusu kilomita kwa nusu kilomita, yaani kilomita ya mraba 0.25. Ukiwa na maeneo manne ya namna hiyo, umefunga kilomita za mraba 25 na samaki aliyetulia kweli amepata 1 tu. Unganisha kilomita hizo hizo 25 ziwe eneo moja la 5 kwa 5. Kiini kinakuwa 3 kwa 3, yaani kilomita za mraba 9. Bahari iliyofungwa ni ile ile, na hakuna mvuvi aliyenyang'anywa hata shubiri zaidi. Kiini kimekua mara tisa. Urefu wa mpaka nao unashuka kutoka kilomita 40 hadi 20, maana yake boti ya doria inazunguka nusu ya safari na kuchoma nusu ya mafuta. Eneo refu na jembamba, la kilomita 1 kwa 9, halina kiini kabisa. Ni ukingo mtupu.

Bongoyo, Pangavini na Mbudya vinafuatana. Vikifikiriwa kama eneo moja, na katikati pakaachwa njia ya vyombo kupita nyavu zikiwa zimekunjwa, tunapata kiini ambacho leo hakipo. Hatusemi bahari nzima ya Dar es Salaam iwe na eneo moja tu. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya Afrika Mashariki, na meli za mafuta hupita na kupakua mbele ya Kigamboni. Fungu Yasini upande wa kaskazini na Sinda upande wa kusini vibaki peke yake, ili balaa likipiga pamoja pawe na pengine pa kuanzia.

Kwa nini tunahangaika na kiini? Kwa sababu ndicho kinachokuza samaki wakubwa, na samaki mkubwa si sawa na wadogo kadhaa wenye uzito wake. Mfano uliopimwa Marekani kwa samaki jamii ya fuatundu: jike mmoja wa sentimita 61 hutoa mayai sawa na majike 212 wa sentimita 42. Chewa na pono wengi, na baadhi ya changu, huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wakishakua. Ukivua wakubwa wote umeondoa madume, na wadogo waliobaki wanakosa wa kuzaa nao. Eneo lisilomfikisha samaki kwenye ukubwa huo halijatimiza kazi yake, hata likiwa na bango zuri.

2. Mwamba umefungwa, malezi yameachwa wazi

Changu na tasi wachanga hukulia kwenye nyasi bahari, na wengine huanzia kwenye vijito vya mikoko, kabla ya kuhamia mwambani. Mwamba wa Mbudya unategemea mikoko ya Kunduchi na nyasi zilizo katikati. Kokoro, wavu wa kukokota, limepigwa marufuku kisheria, lakini likivutwa juu ya nyasi hizo hukomba samaki wa urefu wa kidole, yaani wale wale ambao wangeingia eneo tengefu miaka miwili baadaye. Ndiyo maana mtu anaweza kulinda mwamba miaka kumi na asione changu wakiongezeka, kisha akasema maeneo tengefu hayafanyi kazi.

Mpaka unaofaa huvuka makazi: uanze mikokoni, upite juu ya nyasi, uishie kwenye mteremko wa nje wa mwamba. Wataalamu hupendekeza asilimia 20 hadi 40 ya kila aina ya makazi ifungwe. Tunasisitiza maneno "kila aina", kwa sababu ni rahisi kufikisha asilimia hiyo kwa kufunga mchanga usiovuliwa na mtu.

Hapa pia lipo jambo linalohitaji uamuzi wenu wa wazi. Mpaka ukipita kwenye mchanga au mkondo wenye kina, samaki wa mwambani hawapendi kuuvuka, kwa hiyo hubaki ndani na kuongezeka. Ukikata mwamba katikati, hutoka kwa urahisi na kumfikia mvuvi. Vyote viwili vina faida. Ushauri wetu ni pande tatu zikae kwenye mchanga na upande mmoja, ule unaotazama wavuvi wa mitumbwi, ukate mwamba. Ila liwe jambo lililokusudiwa.

3. Mazalia hayamo kwenye ramani

Tasi hukusanyika kuzaa miezi ya kaskazi, siku chache baada ya mwezi mpevu. Watafiti wameliandika hilo kusini mwa pwani ya Kenya, na wavuvi wa madema wa huku wanalijua bila kuandikiwa. Chewa nao wana mahali pao na mwezi wao. Usiku mmoja wa nyavu mahali kama hapo huondoa wazazi wa mwambao mzima. Mazalia yatafutwe kwa kukaa na wavuvi wazee mmoja mmoja, si kwenye mkutano wa hadhara, kisha yathibitishwe kwa kuzamia na kwa kuangalia mayai ya samaki wanaopokelewa mialoni. Na tafadhali, nukta kamili zisichapishwe. Ramani ya mazalia ikishatoka ni mwaliko kwa mwizi. Chora eneo pana linaloyafunika.

4. Mkondo unatoka kusini

Mkondo wa bahari wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima. Kusi huuongeza kasi na kaskazi huupunguza. Mayai na viluwiluwi vinavyotufikia hutoka kusini kwetu. Kati ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, na visiwa vya Sinda kuna kilomita 100 hivi, wakati umbali unaopendekezwa kati ya eneo na eneo ni kilomita 1 hadi 15. Miamba ya Kimbiji na Pemba Mnazi ingeweza kuziba sehemu ya pengo hilo kwa maeneo madogo yanayofungwa na BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zenyewe.

5. Mpaka usioonekana si mpaka

Mpaka unaosema "mita kadhaa kutoka ukingo wa mwamba" hauwezi kufuatwa na mtu wa ngalawa usiku, wala hauthibitishiki mahakamani. Tunataka mistari iliyonyooka, pembe chache, na kila pembe ijulikane kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu: mnara, ghorofa, rasi. Hivyo ndivyo wavuvi wanavyokumbuka mahali pao pa kuvulia, na hakuhitaji betri.

Kuhusu maboya, yanayopotea hupotea kwa sababu zinazojulikana. Jiwe la zege linaloshikilia boya hupunguziwa uzito na maji: la tani 1 hubaki na kilo 570 hivi likiwa chini. Anayezamisha la kilo 200 amepata kama kilo 115, na wimbi la kusi, au mashua moja iliyojifunga hapo, litalikokota juu ya matumbawe aliyokuja kuyalinda. Jiwe likae kwenye mchanga, kamwe lisiwekwe juu ya mwamba. Maji ya bamvua hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kamba iliyokatwa kwa kipimo cha maji yaliyotoka hulizamisha boya maji yakijaa. Ile iliyokatwa kwa kipimo cha maji yaliyojaa hulegea maji yakitoka na kusaga kila kilicho chini yake. Dawa ni kufunga boya dogo la pili katikati ya kamba, chini ya maji, liinue sehemu ya chini isiguse mwamba. Kiungo cha chuma kati ya kamba na mnyororo ndicho huliwa kwanza na kutu. Kikaguliwe kila miezi mitatu na kifungwe kwa waya kisijifungue. Boya la kununuliwa lina soko, kwa hiyo huibwa. Pipa la plastiki lililojazwa povu na kupakwa rangi halina mnunuzi.

6. Mzigo wote umebebwa na asiye na injini

Miamba ya karibu ikifungwa, mwenye boti ya mashine huenda mbali zaidi. Mwenye mtumbwi au ngalawa hana pa kwenda, na mama anayetafuta pweza maji yakitoka hana kabisa. Ndio waliokosekana kwenye vikao vya kuchora mipaka.

Tunapendekeza kuzunguka kila kiini pawe na ukanda wa nje ulioachwa kwa mshipi wa mkono na dema tu, kwa wanachama wa BMU za mialo jirani, na nyavu za kuzungushia, bunduki za kuvulia na uzamiaji wa mitungi visiruhusiwe humo. Uchambuzi ule wa 2021 ulionyesha kwamba maeneo yenye ukanda wa namna hii hupoteza samaki wachache ukingoni. Yaani kinachomfaa mvuvi mdogo ndicho kinachomfaa samaki, na walinzi wa kila siku mnawapata bila mshahara, kwa sababu ukanda ni wao.

Kufunga mwamba wa pweza kwa miezi miwili au mitatu ni jambo jema pia. Pweza hukua upesi na mapato huonekana siku ya kufungua. Lakini kusihesabiwe kuwa ni eneo tengefu. Chewa aliyelindwa miezi mitatu huliwa wiki ya kwanza mwamba ukifunguliwa.

7. Hakuna upimaji wa kulinganisha

Njia ni rahisi. Nyoosha tepu ya mita 50 juu ya mwamba, hesabu na kadiria urefu wa samaki walio ndani ya upana wa mita 5. Rudia angalau mara nne kila mahali, ndani ya eneo na nje kwenye mwamba unaofanana nalo, saa ile ile ya maji, na anza kabla mpaka mpya haujawekwa. Bila kipimo cha kabla na kipimo cha nje, hakuna anayeweza kusema mabadiliko yameletwa na nini.

Kigezo kipo. Utafiti wa miamba zaidi ya 800 duniani, uliochapishwa 2015, ulikadiria kwamba mwamba usiovuliwa hubeba kilo 1,000 hivi za samaki kwa hekta. Kwenye tepu yenu ya mita za mraba 250 hizo ni kilo 25. Mkipata kilo 5, mnajua mlipo. Utafiti huo pia ulionyesha kwamba mwamba uliofungwa huhitaji wastani wa miaka 35 kurudi kwenye hali hiyo. Kwa sababu hiyo mpango wa miaka mitano unaobadilika kila anapokuja kiongozi mpya haufai.

Waheshimiwa, majibu tunayotarajia tumekwisha kuyasikia, kwa hiyo tuyajibu hapa.

Mtasema hakuna bajeti ya doria. Hesabu ya kipengele cha kwanza inaonyesha kwamba kuunganisha vipande kunapunguza gharama. Mtasema tusubiri utafiti zaidi. Tunaukaribisha, lakini kufunga mahali na kupima ndani na nje ndio utafiti wenyewe. Mtasema wavuvi hawatakubali. Hawatakubali mstari walioukuta umeshachorwa, nani angekubali?

Na mtasema, pengine kwa fahari, kwamba nchi inaongeza asilimia za bahari iliyohifadhiwa, kwa kuwa Desemba 2022 mataifa yalikubaliana kufikia asilimia 30 ifikapo 2030. Hili ndilo linalotutia hofu zaidi. Utafiti wa maeneo 87 duniani, uliochapishwa 2014, ulitaja sifa tano: hakuvuliwi kabisa, sheria inasimamiwa, lina umri wa zaidi ya miaka 10, lina zaidi ya kilomita za mraba 100, na limetengwa na maji ya kina au mchanga. Asilimia 59 ya maeneo hayo yalikuwa na sifa moja au mbili tu, na samaki wake hawakutofautiana na wa mahali panapovuliwa. Maeneo yetu umri yanao. Kilomita 100 za mraba mbele ya jiji hili hazitapatikana, na hatuziombi. Zimebaki sifa tatu, na zote tatu ziko mikononi mwenu: kutovua kabisa ndani ya kiini, kusimamia, na kupitisha mpaka kwenye mchanga na mikondo.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Ndani ya siku 90, orodha ya samaki wanaokusudiwa kulindwa na ramani ya mipaka ya sasa vibandikwe kwenye ubao wa kila mwalo kuanzia Mbweni hadi Kimbiji, kwa Kiswahili, pamoja na alama za nchi kavu.

(b) Kikao cha kuchora upya mipaka ya Bongoyo, Pangavini na Mbudya kifanyike kabla ya kaskazi ijayo, na nusu ya viti iwe ya wavuvi wasio na injini na akina mama wa pweza.

(c) Upimaji wa kwanza wa ndani na nje ukamilike kabla ya boya la kwanza jipya kuzamishwa, na matokeo yake yatangazwe yote, hata yakiwa mabaya.

(d) Mapato ya viingilio vya wageni visiwani yabandikwe kila robo mwaka kwenye ubao ule ule, na sehemu iliyokubaliwa iende kwenye mafuta ya doria ya BMU.

(e) Tupewe jibu la maandishi kwa kila kipengele kati ya saba vya juu, likisema ndiyo, hapana au lini. Likifika tutalichapisha lote kama lilivyo, hapo hapo tulipochapisha barua hii.

Wenu katika ulinzi wa bahari,

Wavuvi, wazamiaji na wanasayansi wa bahari wa mwambao wa Dar es Salaam

Nakala: BMU zote za Kinondoni, Ilala na Kigamboni